Namna ya Kumchora Mwanamke wa Tassia Bila Kumuuliza Jina

Mwanamke wa Eastlands, Nairobi, ana soko siku hizi. Mchore kwa rangi ya mafuta, mpachike ndege kichwani, mfumbe macho, na mtu mwenye ukuta mtupu kule Kitisuru atasimama mbele yake na glasi ya divai mkononi, aseme picha hii inaongea. Inaongea nini? Hiyo ni kazi yako kuamua. Mwenye uso hatakuwepo kukukosoa. Saa hiyo atakuwa mtaa wa Fedha akifua mapazia ya watu.

Mwongozo huu ni wa mchoraji kijana aliyepanga chumba kimoja Tassia, huko huko Eastlands, orofa ya tano, na aliyechoka kuchorea hoteli twiga waliosimama mbele ya Kilimanjaro. Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka moja, huenda ukajikuta umechora mtu badala ya ishara, na hasara itakuwa yako.

Hatua ya kwanza: Mpate mwanamke

Tassia haina uhaba. Toka asubuhi upite kwenye malango ya ploti za kupanga. Utawaona mama fua wamekalia ndoo walizozipindua, wakingoja kuitwa kufua. Mbele kidogo mama mboga anakatakata sukuma wiki bila kuangalia kisu, huku anadai deni la juzi. Yupo wa chapati, yupo wa mitumba, yupo mwalimu wa chekechea, yupo mhasibu anayekimbilia matatu ya mjini akiwa amevaa raba na viatu vya kazini viko mkobani. Mhasibu mwache. Ana simu mbili na mkopo wa gari, na mnunuzi hatapata pa kumwonea huruma.

Mchague mama fua. Ana vidole vilivyobabuka kwa sabuni, ana leso kiunoni, ana uchovu ambao huwezi kuubuni. Mpige picha kwa simu kutoka ng'ambo ya barabara, ukijifanya unasoma ujumbe. Usimwombe ruhusa. Akijua anapigwa picha atajifuta uso, atafunga kilemba upya, atatabasamu, na huzuni yote uliyoijia itakuwa imepotea. Tena atakuuliza swali ambalo halina jibu katika darasa lolote la sanaa: "Na mimi napata ngapi?"

Dhamiri ikikusumbua, jikumbushe kwamba una watangulizi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwajiri Joy Adamson azunguke Kenya akichora watu wa kila kabila katika mavazi yao ya jadi kabla hayajatoweka. Alitoa mamia ya picha, nyingi zikaishia Makumbusho ya Taifa, na mwaka 1967 akachapisha kitabu, *The Peoples of Kenya*. Yeye alitumia rangi za maji. Wewe unatumia za mafuta, kwa hiyo tayari umepiga hatua.

Hatua ya pili: Kusanya vifaa

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale mtaani ukaomba rangi ya mafuta, utaulizwa kama ni ya mlango au ya dirisha. Usicheke. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kopo za namna hiyo, juu ya vibao vya bei nafuu. Alikufa mwaka 1972, na mpaka leo kuna watu wanaokula kwa mtindo wake. Lakini wewe unataka sanaa ya kisasa, kwa hiyo nenda mjini ukanunue vijibomba vidogo vilivyotoka ng'ambo, kila kimoja kwa bei ya shopingi ya wiki.

Rangi hiyo ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya kitani. Haikauki kwa maji kutoka kama rangi ya ukuta. Hukauka kwa mafuta kushikana na hewa, polepole. Kahawia iliyokolea hushika kwa siku moja au mbili, nyeupe inaweza kukaa wiki nzima ikiwa bado mbichi, na kabla ya kupaka vanishi ya mwisho wazee wa kazi hungoja miezi sita hadi mwaka. Mwenye nyumba hangoji miezi sita. Kwa hiyo paka vanishi wiki ya pili, picha iende sokoni, na ikianza kupasuka iwe juu ya kitanda cha mwingine. Kuna kanuni nyingine ya kale: kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake, la sivyo la juu hukauka kwanza, la chini likaendelea kusogea, na uso mzima ukachanika. Kanuni hiyo utaikumbuka ukiwa umeshamaliza.

Kitambaa ni amerikani. Mwambie seremala akupigie fremu ya mbao, ukivute kitambaa hadi kilie kama ngoma, kisha ukipake rangi nyeupe ya msingi mara mbili au tatu. Mafuta ya kitani yakigusa pamba moja kwa moja huiozesha. Mnunuzi halijui hilo, lakini wajukuu wake watalijua.

Ukitaka bei ipande zaidi, acha amerikani utafute lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho Waganda wamekitengeneza kwa karne nyingi na kukivisha wafalme na maiti. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alikutana na lubugo katika soko la watalii papa hapa mjini, akaanza kuchora juu yake kwa rangi za mafuta, na sasa picha zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Lubugo ina matundu na mishono. Armitage huyaacha yaonekane, yakawa sehemu ya habari anayoisimulia. Wewe yazibe.

Jambo moja: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani ukiyakunja na kuyatupa pembeni yanaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti, kwa joto la mafuta yanapokauka. Yatandaze nje au yaloweke majini. Hapo sitanii, kwa sababu ploti nyingi za Tassia zina ngazi moja tu.

Hatua ya tatu: Tafuta mwanga

Vitabu vinasema karakana ya mchoraji iwe na dirisha la kaskazini. Vimeandikwa Ulaya, ambako jua halipiti upande huo, kwa hiyo mwanga wake hutulia kutwa nzima. Nairobi iko kiasi cha digrii moja kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi Septemba jua la saa sita linakuwa upande wa kaskazini, na dirisha lako la kitabuni linakumwagia joto na vivuli vinavyotembea.

Hata hivyo hilo halikuhusu, maana dirisha lako linatazama ploti ya jirani, karibu kiasi kwamba mnaweza kupeana chumvi bila mtu kushuka ngazi. Mchana wa ploti hizi huwashwa kwa swichi, na tokeni ya umeme ikiisha siku imekwisha. Panda basi kwenye paa, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji, uchore huko mpaka mtu aje kuanua shuka zake. Harufu ya tapentaini itawafanya majirani waulize nani anapaka mlango. Msimamizi wa ploti atakuja kuona kama unabadilisha nyumba bila idhini. Mwambie ni sanaa. Ataondoka kwa huruma.

Usimwite mama fua juu ya paa akae mbele yako. Akikaa saa moja utaanza kuona kwamba uso wake hubadilika kila anapokumbuka jambo, kwamba bega moja liko chini kwa sababu ya ndoo, kwamba ana mzaha. Picha ya simu haina mzaha.

Hatua ya nne: Ngozi

Mchoraji anayejitesa hukaa na ngozi nyeusi siku nzima. Huchanganya kahawia yenye wekundu na buluu nzito mpaka apate weusi ulio hai, kwa sababu weusi wa kijibomba ukitumika peke yake huua uso. Huona kwamba paji la uso huchukua rangi ya mbingu, kwamba aliyekaa chini ya turubai la buluu la kibanda hubeba ubuluu huo mashavuni, na aliyeinamia jiko la makaa hung'aa chungwa chini ya kidevu. Kazi yote hiyo ni ya nini? Fungua kijibomba cheusi, paka.

Au iga. Amy Sherald wa Marekani huchora ngozi za watu weusi kwa vivuli vya kijivu, na mwaka 2018 alipomchora Michelle Obama hivyo, kwa mafuta juu ya kitani, watu walibishana. Sungi Mlengeya wa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1991 na kuacha kazi ya benki mwaka 2018, huwachora wanawake weusi waliovaa nyeupe mbele ya nyeupe, hadi ubaki na nyuso na mikono inayoelea katika utulivu mkubwa. Yeye hutumia akriliki, na wengi anaowachora ni watu wa karibu naye. Kila mmoja wao alifika hapo kwa sababu aliyoitafuta miaka. Wewe chukua matokeo, sababu waachie wao. Tena ukiacha nusu ya kitambaa ikiwa nyeupe, utaokoa rangi nyingi.

Hatua ya tano: Pachika ishara

Hapa ndipo picha inapopata thamani. Mwanamke peke yake ni mwanamke tu, na hao wapo bure barabarani. Ishara ndiyo inayomfanya awe na maana. Chagua tatu, zisizidi tano.

*Ndege.* Ndege ni uhuru, kila mtu anajua. Mweke korongo mwenye taji, hata kama ni ndege wa bendera ya Uganda. Usichore mwewe wa Tassia anayenyakua mkate mkononi mwa mtoto. Usichore pia ndege ya chuma inayopita juu ya mitaa ya Embakasi usiku na mchana kuelekea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1958, baada ya kujengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, na leo ndiko wanakopitia wasichana wa mitaa hii wanaokwenda kufanya kazi za ndani Saudia na sanduku moja. Ukimchora mwanamke amesimama juu ya paa la ploti akitazama taa za ndege iliyombeba mdogo wake, mtazamaji ataanza kuuliza maswali, na wewe ulitaka aulize bei.

*Kibuyu.* Kibuyu ni asili, mizizi, mama wa mama zetu. Mama fua hana kibuyu. Ana mtungi wa lita 20 wa manjano uliowahi kuwa na mafuta ya kupikia, na anajua bei ya kuujaza siku mfereji uko na maji na bei yake siku mfereji umekauka. Mtungi una habari nyingi mno. Chora kibuyu.

*Ufa.* Upasue uso wake, nyufa nyembamba kutoka jichoni hadi shingoni, na ndani ya nyufa upake rangi ya dhahabu. Ni ishara ya moyo uliovunjika ukapona. Tassia, kwa bahati mbaya, ufa una maana nyingine. Tarehe 6 Desemba 2019 jengo la orofa sita liliporomoka mtaani humo asubuhi, watu wakafa ndani, na kwa siku kadhaa waokoaji wakachimbua vifusi huku majirani wakitazama. Tangu hapo mpangaji akiona ufa ukutani hafikirii dhahabu. Anafikiria watoto wamelala upande gani. Lakini mnunuzi wako halali Tassia.

*Maua.* Kehinde Wiley alipomchora Barack Obama mwaka 2018 alimzungushia majani na maua, na kila ua lilikuwa na kazi: krisanthemu kwa ajili ya Chicago, yasmini kwa Hawaii alikozaliwa, na yungiyungi la buluu la Afrika kwa Kenya ya baba yake. Ni utaratibu unaochosha. Wewe chora waridi, kwa kuwa waridi ni rahisi. Mtu akikuuliza kwa nini waridi, sema "udhaifu na nguvu". Usimkumbushe kwamba waridi la Kenya linatoka mashambani Naivasha, na linachumwa na kufungwa na wanawake wanaoamka gizani.

*Macho.* Yafumbe. Macho yaliyofumba husema ndoto, maombi, maumivu, chochote. Macho yaliyofunguka humtazama aliyenunua, naye atalazimika kula chakula cha jioni akitazamwa.

*Leso.* Leso ni lazima, tena iwe nyekundu. Lakini futa maandishi. Mwanamke huchagua leso kwa maneno yake: anaifunga kumjibu jirani, kumsifu mama, kumchokoza mume, kumwambia mtu aliyemkosea jambo ambalo mdomo haukulisema. Maneno hayo yakibaki pichani atakuwa anazungumza mwenyewe, na wewe utabaki mtu aliyeshika brashi. Weka maua madogomadogo mahali pa maneno.

Hatua ya sita: Mwepuke mchoraji wa saluni

Tassia imejaa picha za wanawake ambazo hazijaalikwa kwenye maonyesho yoyote. Ziko kwenye mabati na kuta za saluni: vichwa vilivyogeuzwa upande, shingo ndefu, midomo myekundu, na nywele zilizochorwa uzi kwa uzi, rasta hapa, matuta pale. Wachoraji wake hupanda ngazi ya kuazima, huchora kwa kopo la rangi ya milango, na hulipwa jioni ileile.

Usisimame kuwatazama, watakuharibu. Kwanza, wana mkosoaji mkali. Msusi aliyeagiza picha hutoka nje, anashika kiuno, anahesabu mistari ya matuta. Mstari mmoja ukienda kombo anasema, "Kaka, hiyo haisukwi hivyo," na inafutwa. Hakuna mhakiki wa sanaa Nairobi anayesoma picha kwa umakini huo. Pili, wanawake wao wana macho wazi. Wanakutazama unapopita, wanakukaribisha ndani, na kando yao imeandikwa huduma gani inapatikana, wakati mwingine na bei, jambo ambalo majumba mengi ya sanaa bado yanaona aibu kulifanya. Tatu, picha zao zina matumizi. Mteja huingia, ananyoosha kidole, anasema, "Nisuke kama huyo."

Hatari iko pia Buruburu, ambako kikundi cha Brush Tu, kilichoanza mwaka 2013, kimekuwa na karakana, na Mukuru, ambako Wajukuu Art Project wa Lunga Lunga wamefanya kazi na watoto wa mtaa kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Wajukuu walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, maonyesho yanayoheshimika kuliko karibu yote duniani. Hawakupeleka korongo wala kibuyu. Walijenga njia ya mabati yenye kutu kwenye mlango wa ukumbi, watazamaji wakapita ndani yake kama wanavyopita watu wa Mukuru, na wakatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Ukiona mambo kama hayo, geuza uso. Yanaweza kukushawishi kwamba ishara huokotwa pale mtu anapoishi.

Hatua ya saba: Ipe picha jina

Jina la picha lisiwe jina la mtu. Yafuatayo yamethibitishwa sokoni: "Binti wa Afrika", "Mama wa Dunia", "Ustahimilivu", "Sauti Iliyonyamazishwa". Ukiishiwa, ongeza namba ya Kirumi: "Ustahimilivu IV".

Una mfano mzuri wa jirani. Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini, alikaa Zanzibar mwaka 1939 na tena mwaka 1945, akachora watu wa Unguja kwa mafuta mazito na kuwawekea fremu za mbao za Zanzibar zilizochongwa. Mwaka 2010 mojawapo, "Bahora Girl" ya mwaka 1945, iliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni milioni mbili. Mwaka uliofuata "Arab Priest" ikapita milioni tatu. Tunalijua jina la mchoraji, mwaka, mji wa mnada, bei, hata mbao za fremu zilikotoka. Kuhusu binti, jina la picha linatueleza jamii yake na kwamba alikuwa msichana. Inatosha, sivyo?

Linganisha na mke wa mfanyabiashara wa hariri wa Florence. Alichorwa juu ya ubao karne tano zilizopita, na mpaka leo mtoto wa shule anaweza kutafuta jina lake: Lisa Gherardini. Michelle Obama naye jina lake liko palepale chini ya picha. Kanuni ni nyepesi. Aliye na mume wa kulipia picha, au aliyekaa Ikulu ya Marekani, ana jina. Aliyekalia ndoo ni Ustahimilivu.

Hatua ya nane: Maelezo ya ukutani na bei

Kando ya picha bandika karatasi yenye sentensi ndefu. Iseme kwamba kazi hii inachunguza kumbukumbu, mwili na makutano ya mila na usasa, kwamba mwanamke ni chombo cha historia, kwamba ukimya wake ni upinzani. Hasa hiyo ya ukimya. Ukimya ni upinzani maadamu hujamuuliza kitu.

Bei iandike kwa dola, ukiota makubwa. Novemba 2019 picha ya Armitage, "The Conservationists", iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni moja na nusu, ilhali wapiga mnada walitarajia elfu hamsini hadi sabini. Na sheria iko nawe: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, baada ya marekebisho ya mwaka 2019, inampa msanii asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena. Aliyechorwa haimtaji.

Ficha tu jambo hili: Armitage huyohuyo alichora mwaka 2015 "#mydressmychoice", baada ya mwanamke kuvuliwa nguo na genge la wanaume katika kituo cha mabasi Nairobi mwaka 2014 na wanawake kumiminika barabarani tarehe 17 Novemba kudai haki. Alimlaza katika mkao wa Venus aliyechorwa na Velázquez, na sehemu ya juu ya picha akachora miguu ya wanaume waliosimama kumtazama. Ukisimama mbele ya kitambaa hicho unajiona uko upande wa miguu ile. Ishara ya namna hiyo haimpendezi mtu anayetaka kitu cha juu ya kochi.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, akiiona picha?* Hataiona. Jumba la sanaa liko Westlands, nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu ya mapato yake ya siku, na mlinzi wa lango atamuuliza anamtafuta nani.

*Je, akiiona kwenye simu ya mtoto wake?* Hapo kuna shida. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake. Sanaa ina kinga zake, lakini jaribu kumweleza hakimu kwamba nyufa za dhahabu zimemfanya awe mtu mwingine.

*Je, kama ni mimi ninayechorwa?* Dada, mwongozo huu haukuandikiwa wewe. Lakini kwa kuwa umeusoma, mdai.

Kwa anayetaka kukosea

Wapo wachoraji wakaidi watakaoharibu kila hatua hapo juu. Kwao utaratibu ni mfupi. Nenda langoni, salimia, sema unachotaka kufanya na picha itakwenda wapi. Mlipe kwa kila siku anayokaa, isipungue fedha ambayo angepata kwa kufua, na mlipe kabla picha haijauzwa, kwa maana yeye hakukubali kucheza bahati nasibu na wewe. Muulize achorwe na nini. Akisema ndoo, chora ndoo. Akisema gauni la harusi ya dada yake, chora gauni, hata kama ulikuwa umejiandaa kwa huzuni. Leso iache na maneno yake. Muulize kama jina lake liwekwe mbele, na akikataa, basi liandike nyuma ya kitambaa pamoja na mwaka, tarehe na neno Tassia, ili miaka 80 ijayo asiwepo mtu wa kuuza binti asiye na jina. Siku ya ufunguzi wa maonyesho mtumie nauli kwa M-Pesa, umpeleke mbele ya picha mwenyewe, na umwache aseme kama anafanana.

Akisema hafanani, rudi kwenye paa urekebishe.